Kulinda Mananasi Yasiungue na Jua la Kaskazi: Mwongozo kwa Wakulima wa Kiwangwa, Bagamoyo

Kati ya Desemba na Machi, mvua za vuli zikiisha na kaskazi ikishika, nanasi lililokaribia kukomaa linaweza kuharibika kwa siku mbili au tatu tu za jua kali. Dalili ya kwanza hupuuzwa kwa urahisi, kwa sababu upande mmoja wa tunda hupauka na kuwa wa manjano hafifu, na mtu akadhani limeanza kuiva. Baadaye ganda hubabuka na kuwa la kahawia, nyufa hutokea baina ya macho, na nyama ya chini yake hulegea kama sifongo. Tunda lililofikia hapo haliponi, hivyo kazi yote ni ya kutangulia.

Wengi hukimbilia kumwagilia maji mchana, nami naona ni nguvu inayopotea. Mnanasi hufunga vinyweleo vya majani yake mchana na kuvifungua usiku, kwa hiyo haujipozi kwa kutoa mvuke saa za jua kama mimea mingi ifanyavyo. Hewa ya pwani inaweza kuwa na nyuzi 32 tu, lakini ganda linalopigwa na jua moja kwa moja likapata joto zaidi ya hilo kwa nyuzi 10 au zaidi. Kinachookoa tunda ni kivuli.

Anza kwa kupita shambani alasiri, mnamo saa tisa, wakati jua limeelekea magharibi na hewa imekwisha kupata joto la siku nzima. Tazama mananasi yaliyoinama. Nanasi lililosimama wima hufunikwa kwa kiasi na taji lake, bali lililolala huacha ubavu wazi, na ubavu unaotazama magharibi ndio unaoungua zaidi. Utayakuta mengi ya namna hiyo katika mzao wa pili, yaani wa machipukizi yanayobaki baada ya mavuno ya kwanza, ambao vikonyo vyake ni virefu na matunda huchipuka juu juu. Kama huna vibarua wa kutosha, yahudumie hayo kwanza.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni kutumia majani ya mnanasi wenyewe: kusanya majani marefu yanayolizunguka tunda, yainue mpaka yakutane juu yake, kisha yafunge kwa kamba ya mkonge au ganda kavu la mgomba, bila kukaza sana ili hewa ipite. Kazi hii huchosha na miiba huchoma mikono, lakini upepo wa kaskazi haupeperushi kitu. Mahali ambapo majani ni mafupi, funika kwa nyasi kavu zisizo na mbegu au kipande cha kuti kuukuu. Usifunike kwa mfuko wa plastiki, hasa mweusi, maana huhifadhi joto na kulipika tunda. Kila baada ya wiki moja funua machache ukague kama kuna wadudu weupe wenye unga na sisimizi wanaoandamana nao, kwa kuwa hupenda maficho hayo.

Kwa shamba kubwa, udongo mweupe wa kaolini unaweza kupuliziwa kwenye matunda ili urudishe sehemu ya mwanga wa jua. Kadiria gramu 50 kwa lita 1 ya maji, yaani gramu 800 kwa bomba la lita 16, na litikise mara kwa mara kwa sababu udongo hutuama. Mvua ikiuosha, rudia. Na mananasi yaoshwe kabla ya kuuzwa.

Jihadhari pia na palizi. Magugu marefu hayafai, lakini yakikatwa yote kwa siku moja katikati ya joto, matunda yaliyozoea kivuli hujikuta juani ghafla. Ndivyo ilivyo hata kwa zabibu, kama zile za Dodoma: shada huungua majani yanapopogolewa ovyo wakati wa jua. Palilia mapema, au ufunike matunda kwanza.

Anayechochea maua kwa etefoni, dawa inayoufanya mnanasi utoe maua kwa wakati anaoutaka mkulima, ana nafasi ya kukwepa tatizo lenyewe. Tunda hukomaa takriban miezi 5 hadi 6 baadaye, hivyo mimea iliyochochewa Januari huvunwa Juni au Julai, wakati wa kipupwe.

Yaliyokwisha kubabuka yavunwe upesi na kutengwa, kwa kuwa huoza haraka na kuchafua mengine ndani ya tenga. Sehemu isiyoungua hukatwa ikakamuliwa juisi siku hiyo hiyo. Na mazima yakishavunwa, yapangwe chini ya mwembe au banda la makuti wakati gari linasubiriwa, kwa kuwa nanasi lililochumwa huungua vilevile.