Kidakio cha maji: anzia kazi mgongoni

Juu ya kila kilima, mgongoni, kuna mstari ambapo tone moja la mvua huteremkia huku na la pili kule. Huo ndio mgawanyo wa maji. Eneo lote linalokusanya mvua hiyo na kuipeleka kwenye kijito kimoja ni kidakio. Wengi wakisema "chanzo" humaanisha chemchemi tu, kumbe chemchemi ni mdomo. Tumbo lake ni mlima mzima ulio nyuma yake.

Vidakio vidogo hukaa ndani ya vikubwa. Huko kwenye milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, mito ya Mgeta na Ngerengere hushuka pande tofauti, lakini yote huishia mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam.

Kwa mkulima wa mteremkoni, maana yake ni kuanzia kazi juu. Fanya juu, yaani mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu kuwa tuta, ikichimbwa chini peke yake hupokea maji ya mashamba yote ya juu, hufurika, hukatika na kuacha korongo. Kama mgongoni ni kwa jirani, mzungumze kwanza.

Ili kupata mstari ulio sawa kukingama mteremko, tengeneza fremu ya A: miti miwili ya mita 2 iliyofungwa kileleni, mti wa kukingama, na kamba yenye jiwe inayoning'inia kutoka kileleni. Isimamishe, tia alama kamba inapogusa mti wa kukingama. Igeuze, miguu ibadilishane nafasi palepale, tia alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndiyo usawa. Usiruke hatua hii: mstari ukiinama kidogo tu, maji hukimbilia upande mmoja na kuvunja tuta hapo. Sogeza fremu kukingama mteremko, piga vigingi miguu inapokaa kamba ikiwa katikati, kisha shuka hadi macho yako yalingane na usawa wa vigingi. Hapo uliposimama ndipo pa mstari unaofuata.

Chimba mtaro wa upana wa sm 60 na kina sm 60, udongo utupwe upande wa juu. Acha ukingo wa sm 15 hadi 30 kati ya mtaro na tuta, la sivyo udongo utarudi mtaroni. Panda matete au majani ya Guatemala juu ya tuta mvua zinapoanza. Udongo ukiwa mwembamba juu ya mwamba, acha mtaro, panda mistari ya majani tu. Funzo lipo: matuta ya ngazi ya enzi za mkoloni Uluguru yalifukia udongo wenye rutuba, na chuki dhidi yake ilichangia ghasia za 1955.

Kandokando ya mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mto ndani ya mita 60. Baada ya mvua kubwa ya kwanza, pita na jembe ukazibe palipobomoka siku hiyohiyo.