SOMO: Kuandaa bajeti ya mradi wa mafunzo ya ajira isirudishwe na mfadhili

Salaam wakuu. Swali ni lilelile kila wiki: "Tuna taasisi ndogo, tunataka kuwafundisha vijana stadi za kazi, tunaombaje fedha?" Nimejibu vipande vipande hadi nimechoka, na vipande havimsaidii mtu. Naweka yote hapa. Someni mpaka mwisho ndipo muulize.

Hatua ya 1. Soma tangazo la mfadhili lote, pamoja na viambatisho vyake. Kama hamna sifa zinazotakiwa, tafuta tangazo jingine.

Hatua ya 2. Waajiri kwanza, kozi baadaye. Tafuta waajiri watano hadi wanane wa sekta moja. Usiwaulize kama wanahitaji vijana wenye ujuzi. Wote watasema ndiyo. Uliza: mara ya mwisho mliajiri lini kwenye nafasi hii? Mlimpataje? Aliyekuwepo kabla yake aliondoka kwa nini? Swali la tatu ndilo litakaloonyesha cha kufundisha. Wakitaja kuchelewa kazini na kugombana na msimamizi, ufundi peke yake hautatosha. Kisha waombe barua ya kuambatisha kwenye maombi. Itaje nafasi ngapi, za kazi gani, kuanzia mwezi gani. Barua ya "tunaunga mkono juhudi hizi" haina uzito wowote.

Hatua ya 3. Mtaala. Tumieni njia ya DACUM: wafanyakazi wazoefu 5 hadi 12 wa kazi hiyo wanakaa na mwezeshaji, kwa kawaida siku mbili, wanaorodhesha majukumu ya kazi na shughuli zilizo ndani ya kila jukumu. Waiteni wanaoifanya kazi kwa mikono yao sasa hivi. Mabosi wao wataeleza kazi inavyotakiwa iwe, siyo ilivyo.

Hatua ya 4. Hesabu ya watu, kutoka mwisho kurudi mwanzo. Hapa niliwahi kukosea na andiko (maombi ya fedha) likarudi, kwa hiyo sitapita haraka. Kosa lenyewe ni kuahidi watu walioajiriwa huku bajeti ikihesabu watu walioandikishwa. Wengi wanaandika "tutafundisha vijana 150 na kuwapatia ajira", kana kwamba namba ni moja. Siyo moja. Anza na ahadi: watu 60 wawe bado kazini siku 90 baada ya kuanza. Kama robo tatu ya wanaoanza kazi ndio wanaodumu, lazima watu 80 waanze kazi. Kama theluthi mbili ya wahitimu ndio wanaopata kazi, unahitaji wahitimu 120. Kama asilimia 80 ndio wanaomaliza kozi, andikisha 150. Na kama mwombaji mmoja kati ya watatu ndiye anayefaa, unahitaji waombaji 450, na usaili wa watu 450 una gharama yake. Viwango hivi ni vya mfano. Vyako vitoke kwenye kumbukumbu zako, au za programu inayofanana na yako.

Sasa gawanya. Tuseme bajeti yote ni 600,000 kwa fedha yoyote ile. Kwa aliyeandikishwa ni 4,000. Kwa aliyehitimu ni 5,000. Kwa aliyeanza kazi ni 7,500. Kwa aliyedumu siku 90 ni 10,000. Mradi ni uleule, bei ni nne. Andika zote nne na useme wazi ipi ni ipi. Ukiweka ile ya 4,000 peke yake, mpitiaji wa mfadhili ataigawanya bajeti mwenyewe, ataona 10,000, na kuanzia hapo hataamini ukurasa wowote uliobaki.

Tahadhari tatu. Kwanza, fafanua "ameajiriwa": saa ngapi kwa wiki, kwa malipo gani, na je, aliyejiajiri anahesabika? Pili, usipandishe viwango ili bei ishuke. Utapimwa kwa hivyohivyo. Tatu, usichuje waombaji hadi wabaki wale ambao wangepata kazi hata bila wewe. Namba zitapendeza, lakini mradi utakuwa haujamsaidia mtu.

Hatua ya 5. Mistari ya bajeti. Kila mstari uwe idadi × kipimo × bei, na sentensi moja ya kueleza kwa nini. Mistari inayosahauliwa sana ni nauli za wanafunzi, malezi ya watoto wao wakiwa darasani, vifaa vya kujikinga, malighafi ya mazoezi, ada ya mtihani wa cheti, na mshahara wa mfuatiliaji baada ya kozi kwisha. Kuhusu mashine, hesabu dakika za mikono. Wanafunzi 30, mashine 5, vitendo saa 4 kwa siku: kila mmoja anapata dakika 40 tu. Kama hazitoshi, ongeza mashine au gawa zamu kabla ya kupeleka andiko.

Hatua ya 6. Mchango wa taasisi. Ukumbi wenu, muda wa watu wenu na vifaa mlivyo navyo vinaweza kuhesabiwa ikiwa mfadhili anaruhusu, kwa bei ya soko na kwa ushahidi. Mchango mmoja usihesabiwe kwa wafadhili wawili.

Hatua ya 7. Fedha zinaingia lini. Malipo kwa matokeo, yaani mfadhili analipa baada ya kuona matokeo, yanachelewa kwa asili yake. Kozi miezi 3, kutafuta kazi miezi 2, kudumu siku 90, kisha uhakiki: mkupuo wa mwisho unafika baada ya miezi 8 au 9. Kama mkupuo huo ni asilimia 30 ya 600,000, mtaendesha mradi mkiwa na pengo la 180,000. Chora jedwali la kila mwezi, fedha inayoingia na inayotoka. Mwezi wowote ukionyesha hasi, ombeni mgawanyo mwingine kabla ya kusaini. Mkishasaini hakuna atakayewasikiliza.

Hatua ya 8. Viambatisho, saini, tuma siku mbili kabla ya mwisho.

---

Mdau_Kimya: Mkuu naomba sampuli ya andiko lililopita, nibadilishe majina tu.

Mwandishi: Sitoi. Andiko la kunakili lina waajiri wasio wako na viwango visivyo vyako. Rudi hatua ya 2.

Chapakazi: Nina wiki moja tu. Naweza kuruka waajiri niende moja kwa moja kwenye bajeti?

Mwandishi: Hapana. Bajeti inatoka kwenye hatua ya 4, na hatua ya 4 inaanza na nafasi za waajiri. Wiki moja inatosha kuonana na watano ukianza leo.

Nahodha wa Kati: Hii habari ya nauli siiafiki. Ukilipa watu, wanakuja wanaotaka posho, siyo ujuzi.

Mwandishi: Sijaandika posho, nimeandika nauli. Nauli inafidia gharama ambayo mwanafunzi ameshaitoa. Posho ya kukaa kitini ni kitu kingine. Nauli ilipwe kila wiki kwa siku alizohudhuria. Ukisubiri mwisho wa kozi, yule asiye na akiba ameshaacha wiki ya tatu, na wewe utaandika kwamba hakuwa na nia. Ukiacha nauli nje ya bajeti, kiwango chako cha kumaliza kitashuka na ile hesabu ya 150 itavurugika yote.

Bi Mshumaa: Naongezea. Angalieni saa za darasa pia. Mwenye mtoto mdogo hashindwi na somo, anashindwa na saa moja asubuhi. Kuanza saa tatu hakuna gharama.

Mwandishi: Ahsante Bi Mshumaa. Hilo lingefaa liwe kwenye hatua ya 5.

Darubini: Shikamoo mkuu. Hizo siku 90 zinahesabiwaje? Na mtu akihama mwajiri, au simu yake ikizimwa, inakuwaje?

Mwandishi: Marahaba, swali zuri. Hesabu ianze siku ya kwanza ya kazi yenyewe, siyo siku ya kusaini mkataba. Kuhama mwajiri kuamuliwe kwenye andiko: "siku 90 kwa mwajiri mmoja" na "siku 90 za kuwa kazini" ni vipimo viwili, na cha pili kinamtendea haki aliyehamia kazi bora. Mkubaliane pia pengo linaloruhusiwa kati ya kazi mbili, kwa mfano siku 14. Kuhusu simu, siku ya uandikishaji chukua namba yake na za watu wawili wanaoishi karibu naye, pamoja na ridhaa yake ya maandishi kuwa utawapigia. Kisha mpigie wiki ya 2, ya 6 na ya 12. Ya wiki ya 2 usiiache, maana ndipo migogoro midogo na msimamizi inaweza bado kutatuliwa. Dodoso liwekeni kwenye KoboToolbox, programu ya kukusanyia takwimu. Linajazwa hata bila intaneti na kutumwa baadaye.

Darubini: Nashukuru sana. Ushahidi je?

Mwandishi: Hati ya mshahara au barua ya mwajiri yenye tarehe. Kauli ya mhitimu peke yake wengi hawaikubali. Liandikeni kwenye makubaliano na waajiri tangu hatua ya 2, kwa sababu baadaye kila mmoja atakuwa na shughuli zake.

Mwanagenzi07: Sisi tusio na taasisi je? Karakana imenipa nafasi ya kujifunza kazi lakini hawataki kuandikishana.

Mwandishi: Dai maandishi. Mwaka 2023 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Pendekezo namba 208 kuhusu uanagenzi bora, na makubaliano ya maandishi pamoja na malipo stahiki kwa mwanagenzi yamo. Pendekezo halifungi kama sheria, lakini ni kitu cha kuwaonyesha. Karatasi itaje muda, ujuzi utakaofundishwa, malipo, nani anagharamia ukiumia, na nani anatoa cheti. Wakikutaka usaini kuwatumikia baada ya mafunzo, muda huo na kiasi cha kulipa ukiondoka mapema viandikwe kwa tarakimu.

Kalamu Nyekundu: Vitabu vya bure vya mtandaoni tunaweza kuvitafsiri tukavitumia darasani?

Mwandishi: Angalia leseni. Zenye alama za Creative Commons (leseni za kuruhusu kazi itumike bure kwa masharti): BY, tafsiri na umtaje mwenye kazi. SA, tafsiri yako nayo itoke kwa leseni hiyohiyo. ND, huruhusiwi kusambaza tafsiri. NC, si kwa biashara, kwa hiyo kama mnatoza ada ya kozi ulizeni mwenye kazi kwanza. Na kama darasa halina intaneti, tazameni Kolibri, programu ya kujifunzia iliyotengenezwa kwa hali hiyo.

Chapakazi: Nimeonana na waajiri wawili leo. Wote wamesema vijana hawajui kusoma vipimo.

Mwandishi: Vizuri. Kesho waombe wakupe karatasi halisi ya vipimo wanayoitumia kazini. Hiyo ndiyo itakuwa jaribio lako la usaili.