Somo: Kuotesha bogonvilia kwa vijiti na kuifanya ichanue kiangazi chote

Nimeulizwa mara nyingi mno mwaka huu kwa nini bogonvilia za wenzetu zina majani mengi bila maua, au kwa nini vijiti vilivyochipua vizuri vimekauka baada ya kuhamishwa, hata nimeona ni heri niandike jibu zima mara moja, na atakayeuliza tena nimwelekeze hapa.

Ninaishi Tabora mjini, na bustani yangu ni ukanda wa udongo wa kichanga, hatua tatu kwa upana, kati ya ukuta wa nyumba na barabara. Mvua zetu hukatika kati ya Aprili na Mei, na kutoka hapo hadi Novemba hatuna mvua ya kutegemea. Ifikapo Septemba vumbi limefunika mapaa, miembe na nguo zilizoanikwa. Katika miezi hiyo hiyo bogonvilia huwaka kwa rangi. Mimi hutoka nje kila alfajiri kabla ya kuwasha jiko, nikasimama mbele yake kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, na siku niliyoikosa dakika hiyo huiona ndefu.

Hatua ya kwanza ni kukata vijiti, na wakati mzuri kwetu ni Novemba au mwanzoni mwa Desemba. Chagua tawi lililokomaa kiasi, lenye unene wa penseli, ukate vipande vya sentimita 15 hadi 20 vyenye vifundo vitatu au vinne, kisha uondoe majani. Jihadhari na miiba.

Hatua ya pili: jaza viriba vyenye matundu chini kwa mchanga wa mto na udongo wa juu, nusu kwa nusu. Usitie samadi.

Hatua ya tatu: chomeka kila kijiti hadi vifundo viwili vizame, vipewe kivuli, na udongo uwe na unyevu bila kutuamisha maji.

Hatua ya nne ni kungoja, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu. Mwaka wa kwanza nilichomeka vijiti ishirini, na baada ya wiki tatu karibu vyote vilikuwa na majani mabichi yanayong'aa. Nikaamini vimeshika, nikavihamishia ardhini siku moja, nikawaita majirani waje kuona. Haikupita wiki vikanyauka vyote, na nilipoving'oa sikukuta hata uzi mmoja wa mzizi. Kijiti kinaweza kutoa majani kwa kutumia chakula kilichobaki ndani ya mti wake mwenyewe, kwa hiyo jani si ushahidi wa mzizi hata kidogo. Mwaka uliofuata nilingoja, lakini nikawa navuta kijiti kidogo kidogo kila Jumapili ili kupima kama kimeshika, na kwa kufanya hivyo nikaikata mizizi michanga, ambayo ni myembamba kama unywele. Tafadhali usivute. Ngoja wiki nane hadi kumi na mbili, kisha inua kiriba utazame chini yake. Ukiona mizizi inachungulia kwenye matundu, mche uko tayari. Wakati wa kupanda usiupukute udongo, kwa kuwa mizizi ya bogonvilia haishiki udongo kwa nguvu na bonge likivunjika mizizi huvunjika nalo. Teremsha mche shimoni ukiwa bado ndani ya kiriba, pasua kiriba kwa wembe ubavuni, ukitoe taratibu, ndipo ufukie.

Ukihesabu vizuri utaona kwamba kijiti cha Novemba hupandwa ardhini Februari, ambapo bado kuna miezi miwili ya mvua ya kukilea.

Hatua ya tano: panda mahali penye jua la saa sita kwa siku au zaidi, mbali na njia wanayopita watoto. Chini ya mwembe haitachanua.

Hatua ya sita inahusu maji na mbolea. Mche mchanga umwagilie mara kwa mara, lakini ukishakomaa uache udongo ukauke kabla ya kuumwagilia tena. Subiri mpaka majani yaanze kulegea, kisha mwaga maji ya kutosha yafike chini, halafu uache tena. Kiu hii ya kiasi ndiyo inayouchochea mti kutoa maua. Maji ya kila siku na urea huuambia ukue, nao unakua kweli, majani matupu hadi juu ya paa.

Hatua ya saba: maua yakishapukutika, pogoa, kwa maana maua yajayo hutoka kwenye machipukizi mapya.

Jambo la mwisho si la kazi. Chukua kishada kimoja ukitazame kwa karibu. Ile rangi tunayoisifu si ua. Ni majani yaliyogeuka rangi, kwa kawaida matatu, na ndani yake yamo maua yenyewe, madogo, meupe, yenye umbo la mrija. Mmea huu asili yake ni Amerika Kusini, na wasomi wa Ulaya waliuandika baada ya mtaalamu wa mimea Philibert Commerson kuukuta Brazil mwaka 1767, akiwa katika safari ya meli ya nahodha Mfaransa Bougainville, ambaye jina lake ndilo tunalolitamka hadi leo vibarazani kwetu. Nilipanda kwa miaka mitatu kabla ya kukiona kile kiua cheupe, na tangu nilipokiona sijapita bila kukitafuta.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali kutoka Nzega: Sijasoma yote, nina haraka. Yangu ina majani tu. Nifanye nini?

Jibu: Soma hatua ya tano na ya sita.

Swali kutoka Urambo: Shikamoo mama. Vijiti vyangu vina wiki tatu na vimetoa majani mazuri sana. Naweza kupanda kesho?

Jibu: Marahaba. Hapana. Hatua ya nne yote imeandikwa kwa ajili ya kesho hiyo.

Swali kutoka Kigoma: Dada, kwa heshima, naona umekosea. Mimi niko Ujiji, namwagilia kila jioni, na bogonvilia yangu imejaa maua. Habari ya kiu haina msingi.

Jibu: Kaka, sikuandika kwamba mmea unyimwe maji, niliandika kwamba udongo ukauke kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine. Uliza kwanza maji yako yanakwenda wapi. Kama umepanda kwenye mteremko wa kichanga, yanapita chini kabla hujarudisha ndoo, na mizizi inakauka kila siku bila wewe kujua. Umwagiliaji huo huo kwenye udongo wa mfinyanzi ungeiozesha.

Kigoma tena: Ni mteremko, tena wa kichanga. Nimekuelewa, dada.

Swali kutoka Sikonge: Mwangaluka, mama. Binti yangu wa miaka tisa ameona kwamba kishada kilichokuwa cha rangi ya chungwa wiki iliyopita sasa ni cha waridi, naye anadai mti unabadilisha nguo. Je, ni ugonjwa? Tena, sisi tuna mizinga, nyuki watafaidika?

Jibu: Mwangaluka. Mpe mtoto huyo pongezi zangu, kwa sababu ameona kitu ambacho watu wazima wengi hawakioni. Si ugonjwa; zipo aina ambazo huanza na rangi ya chungwa au dhahabu na kuishia waridi kadiri zinavyozeeka. Mwambie afunge uzi kwenye kishada kimoja kichanga na akichore kila siku ya tatu, atapata mfululizo wote. Kuhusu nyuki, usiitegemee sana: mrija wa ua ni mwembamba, na vipepeo wenye ulimi mrefu huufaidi zaidi. Nyuki wenu wana miti ya miombo, na mninga unaochanua manjano kabla ya mvua. Mkiuhifadhi huo mmewatendea wema mkubwa zaidi.

Swali kutoka Igunga: Nje ya mada kidogo: nina nafasi ya mti mmoja tu mbele ya nyumba. Mkrismasi au mjakaranda?

Jibu: Mkrismasi hutanda kama mwavuli na kuwaka nyekundu mvua zinapoanza, lakini mizizi yake hutambaa juu juu na kuinua sakafu, kwa hiyo usiusogeze karibu na msingi, acha mita kumi. Mjakaranda huchanua zambarau kabla ya mvua, ukiwa karibu hauna majani. Mimi ningeuchagua huo, na asubuhi nisingefagia maua yaliyoanguka mpaka jua liwe kali.

Nzega tena: Samahani, mama, sasa nimesoma yote. Yangu iko chini ya mwembe na ninaitilia urea. Nikiikata niianze upya jua lilipo, utanigawia vijiti vya rangi nyeupe?

Jibu: Usiikate, chukua vijiti kutoka kwayo hiyo hiyo, kisha uongeze na vyangu. Napogoa wiki ya pili ya Novemba. Njoo asubuhi na gunia lililoloweshwa, uvifunge humo visikauke njiani.