Kumwomba radhi mtu uliyemtania kwenye maiki

Kwanza jiulize kama ule ulikuwa utani kweli. Mtani hurusha akarushiwa. Mimi nilipokuwa nikitangaza mechi za mtaa pale Tononoka, Mombasa, maiki ilikuwa yangu peke yangu. Winga mmoja nikampachika jina la weusi wa ngozi yake, silirudii hapa, na kufika mapumziko uwanja mzima ulikuwa ukiliimba. Watoto wakamfuata nalo mpaka Majengo.

Basi, ulilolifanya liseme lilivyo. Ile "kama kuna aliyeudhika" ifute, maana hapo kosa umelihamishia kwake.

Halafu mwendee mwenyewe kabla hujautangazia umma. David Baddiel, mchekeshaji wa Uingereza, alichelewa hapo. Miaka ya 1990, kwenye kipindi cha vichekesho vya soka cha BBC, alijipaka weusi na kujitwika nanasi kumuigiza Jason Lee, mshambuliaji wa Nottingham Forest aliyefunga rasta zake utosini. Nanasi likawa wimbo wa mashabiki viwanjani. Baadaye Baddiel alikiri kosa hadharani, lakini kukaa na Lee uso kwa uso ilikuwa 2022, tena mbele ya kamera. Simcheki. Mimi ilinichukua miaka 14, na yule winga alikuwa ng'ambo ya feri tu.

Usichukue zawadi, zawadi humfunga mtu mdomo. Simu ya kurekodi iache nyumbani. Nilimkuta Likoni akiziba pancha ya bodaboda. Nikamwambia, "Kaka, lile jina nililianzisha mimi, na watoto nikawafundisha mimi." Hakuinua kichwa. Akaitia tyubu kwenye karai la maji, akatazama mapovu, akasema, "Kijana wangu anacheza sasa. Wanamwita lilo hilo."

Hapo nyamaza. Usiseme zama zile mambo yalikuwa hivyo, wala usiulize kama umesamehewa. Muulize anataka lifanyike nini. Wangu alitaka mawili: nikaseme palepale nilipoanzia, na jina lake nisilitaje.

Jumapili iliyofuata nikasema, kabla ya filimbi. Wengi walikuwa wakinunua viazi karai, sijui nani alisikia. Kipindi cha pili vijana wawili ukutani wakalianza lile jina. Nikamwita refa, mpira ukasimama, tukangoja mpaka wakashuka.