Kupandisha kasi ya RAM: elewa kwanza namba unazozisoma

Swali hili halikosi kuulizwa: nimenunua RAM ya 3200, mbona CPU-Z (programu ya kuonyesha taarifa za mashine) inaonyesha 1600? Hujaibiwa. DDR, aina ya RAM tunayotumia, hupitisha data mara mbili kwa kila pigo la saa. Saa yenyewe ni 1600 MHz. 3200 ya kwenye lebo ni mapitisho, mamilioni kwa sekunde.

Hatua ya 1: Ingia BIOS (mipangilio ya bodi, kabla Windows haijawaka), washa XMP, yaani mipangilio ya kasi aliyoiweka mtengenezaji wa RAM (bodi nyingine huiita DOCP au EXPO). Hifadhi.

Hatua ya 2: Prosesa. Kasi yake ni saa ya msingi mara kizidishio: 100 MHz × 45 ni 4500 MHz. Kama kizidishio hakijafungwa, cheza na hicho tu. Saa ya msingi iache. Kwenye bodi nyingi ukiigusa, RAM na PCIe (njia ya kadi ya picha na SSD) hupanda nayo, na mashine ikigoma hutajua mkorofi ni nani.

Hatua ya 3: Linganisha RAM na basi la ndani. Hapa ndipo watu hupoteza jioni nzima. Kwenye Ryzen 3000 na 5000, prosesa za AMD, basi hilo huitwa Infinity Fabric, nalo hufanya kazi vizuri likienda 1:1 na saa ya RAM. Nasema saa, si lebo: RAM ya 3600 inataka Fabric ya 1800 MHz. Ukiweka 4000, inahitajika 2000, na chipu nyingi hazifiki huko. Uwiano ukivunjika, kidhibiti cha RAM (sehemu ya prosesa inayozungumza na RAM) hushuka hadi nusu ya saa ya RAM, muda wa kusubiri unaongezeka, na 4000 yako inaweza kushindwa na 3600 ya jirani. Ryzen 7000 ina hesabu nyingine: kinacholingana na RAM ni kidhibiti chake, Fabric inakwenda kivyake.

Angalia pia CL, idadi ya mapigo ya saa ambayo RAM husubiri kabla ya kutoa data. Zidisha CL kwa 2000, gawanya kwa namba ya lebo, unapata nanosekunde. 3200 CL16 ni 10. 3600 CL18 ni 10 vilevile. 3600 CL16 ni kama 8.9. Kwa DDR4 mimi huchagua hiyo ya mwisho bila kufikiri mara mbili.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Volti ya XMP ya DDR4 mara nyingi ni 1.35, anzia hapo.

Hatua ya 4: MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi, raundi zote. Programu za ndani ya Windows siziamini kwa kazi hii, maana haziwezi kupima sehemu ya RAM ambayo Windows yenyewe imeikalia. Kosa moja tu likitokea, shusha kasi. Mashine ikikataa kuwaka kabisa, futa CMOS (kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS) uanze upya.