Namna ya kumjibu anayeuliza habari za Mungu na za Kristo: mwongozo kwa Mkristo wa Bagamoyo

Mkristo anayeishi Bagamoyo hana namna ya kuepuka kuulizwa juu ya imani yake. Jirani yake ni Mwislamu, fundi anayemjengea ni Mwislamu, mama anayemkaangia samaki jioni ni Mwislamu, na swali mara nyingi huja bila ubaya wowote, kahawa ingali moto kikombeni: inakuwaje mnasema Mungu ni mmoja, kisha mnasema Isa ni Mungu? Kijana aliyerudi likizo kutoka chuo kikuu naye ana swali lake, tena zito zaidi, kwamba tunajuaje kama huyo Mungu yupo. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya Mkristo wa kawaida, awe Mkatoliki, Mwanglikana au Mlutheri, anayetaka kujibu kwa ukweli bila kugombana. Liko neno moja ninalolitilia mkazo kuliko mengine yote: unapomweleza Kristo, usimgawe vipande viwili. Majibu mengi dhaifu niliyoyasikia katika mji huu yameharibikia hapo, hata pale msemaji alipokuwa na nia njema na Biblia mkononi.

Mjue kwanza anayeuliza

Mtume Petro aliagiza tuwe tayari siku zote kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini letu, akaongeza: "lakini kwa upole na kwa hofu." Maneno hayo ya mwisho ni sehemu ya agizo lenyewe. Aliye mkubwa kwako umwamkie kwanza, umsikilize hadi amalize, kisha ulirudie swali lake kwa maneno yako ili uhakikishe kwamba umelielewa. Barazani, baada ya swala ya alasiri, panafaa kwa mazungumzo ya namna hii. Kwenye mihadhara ya vipaza sauti, ambako kila upande umekuja kushinda, hapafai. Usimkashifu Mtume wake wala kitabu chake. Wala usichukue aya za Kurani ukazigeuza kuwa shahidi wa Utatu, kwa maana kitabu hicho kinaukana, na jirani yako anakifahamu kuliko wewe.

Mwislamu hahitaji kuthibitishiwa kwamba Mungu yupo, kwa hiyo anza naye pale mnapokubaliana: Mungu ni mmoja, ndiye muumba, ni mwenye rehema, atawahukumu wanadamu, na Isa alizaliwa na Bikira Maria bila baba wa kibinadamu. Huyo kijana mwenye shaka ndiye anayehitaji njia ndefu zaidi.

Njia ya kumwendea mwenye shaka

Usianze na miujiza uliyosimuliwa, wala ndoto, wala vitisho vya moto wa jehanamu. Anza na jambo ambalo yeye mwenyewe analikubali, yaani kwamba kila kitu tunachokiona kingaliweza kutokuwapo. Mwembe, mtu, bahari na nyota, kila kimoja kimepata kuwapo kwake kutoka kwa kingine. Chukua mfano wa sufuria kubwa la pilau linalozunguka mtaani wakati wa harusi: ukiuliza nyumba ya kwanza wakuambie wameliazima nyumba ya pili, na ya pili wameliazima ya tatu, basi hata nyumba zingekuwa hazina mwisho, sufuria lisingefika kwako kama hakuna hata mmoja anayelimiliki. Vivyo hivyo, vitu vilivyoazima kuwapo kwao, viwe vingi kiasi gani, vinamhitaji mmoja ambaye kuwapo ni kwake mwenyewe na hakukupokea kwa yeyote. Hoja hii haihusu zamani za kale tu, bali hata saa hii unaposoma, kwa sababu kitu kilichopewa kuwapo hakiwezi kujishikilia chenyewe. Ibn Sina, mwanafalsafa wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1037, aliieleza kwa namna yake, na Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, akaieleza kwa namna ya Kikristo. Kwa hiyo hapa Mkristo na jirani yake wanasimama upande mmoja.

Kijana hakika atauliza: na Mungu naye aliumbwa na nani? Mjibu kwa utulivu kwamba hoja haikusema kila kilichopo kina chanzo. Ilisema kila kilichopokea kuwapo kina aliyekipa. Mungu hakupokea, na kumtafutia muumba ni kurudi kumhesabu miongoni mwa walioazima.

Hoja ya pili haihitaji vitabu, kwa sababu mji wetu wenyewe unaishuhudia. Misafara kutoka bara iliishia hapa, na wanadamu waliofungwa minyororo walipitishwa katika pwani hii wakavushwa kwenda Unguja na mbali zaidi. Biashara ile ilikuwa halali kwa sheria za wakati ule, hadi mkataba wa mwaka 1873 ulipofunga masoko ya watumwa katika milki ya Sultani wa Zanzibar. Na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika Tanganyika hadi mwaka 1922. Muulize kijana: je, kabla ya mwaka 1873 jambo lile lilikuwa sawa, kwa kuwa sheria, soko na desturi viliruhusu? Atasema hapana, na atasema kwa uchungu. Basi anakubali kwamba kipo kipimo kilicho juu ya masultani, wafanyabiashara na mazoea ya watu, kinachomdai kila mmoja haki hata pale hakuna anayemwona. Hapa uwe mkweli pia, ukiri kwamba Wakristo wa Ulaya walifanya biashara hiyohiyo, kwa maana kipimo hicho kinatuhukumu sisi vilevile.

Hapo ndipo swali gumu kuliko yote huzaliwa: kama Mungu yupo, alikuwa wapi minyororo ilipokuwa ikilia? Sijaona jibu la kifalsafa linalotosha kwa mtu aliyeumizwa, na usijaribu kulitunga. Mpeleke kwa Kristo, ambaye Paulo aliwaandikia Wafilipi kwamba, ingawa alikuwa na namna ya Mungu, "akatwaa namna ya mtumwa" na kutii hata mauti ya msalaba. Msalaba ulikuwa adhabu ambayo Warumi waliwapa hasa watumwa na waasi. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868 na kuanzisha makao ya watumwa waliokombolewa, walisimamisha msalaba karibu na ufuko. Mpeleke kijana akauone, kisha mwambie kwamba anayehubiriwa pale ni Mungu aliyeingia mwenyewe katika mateso ya watu wake. Lakini maneno hayo ni ya kweli ikiwa tu aliyetundikwa ni Mungu kweli. Kama alikuwa nabii tu, basi Mungu alibaki mbinguni akamtuma mwingine ateseke.

Namna ya kumweleza Kristo

Kwa watu wa pwani nimeona hakuna mahali pazuri pa kuanzia kama Marko sura ya 4, kuanzia mstari wa 35. Isome pole pole kwa sauti. Yesu amechoka baada ya kufundisha mchana kutwa, wanavuka ziwa jioni, dhoruba inapiga, maji yanajaa chomboni, naye "alikuwapo katika shetri, amelala juu ya mto." Wanamwamsha. Anaukemea upepo, anaiambia bahari inyamaze, na kunakuwa shwari kuu. Niliwahi kumsomea mzee mmoja aliyekuwa nahodha wa mashua, naye akanisimamisha katikati akasema kwamba upepo ukikatika, mawimbi huendelea kwa muda mrefu. Bahari haitulii papo hapo. Ndivyo ilivyo, na ndiyo maana wanafunzi, ambao baadhi yao walikuwa wavuvi, waliogopa zaidi baada ya shwari kuliko wakati wa dhoruba, wakaulizana ni nani huyu hata upepo na bahari humtii. Walikuwa Wayahudi waliolelewa na zaburi zisemazo kwamba anayetuliza dhoruba ni Bwana Mungu.

Sasa mwonyeshe msikilizaji kwamba aliyelala na aliyeamuru ni mmoja. Usingizi ni wa kibinadamu kabisa: mwili uliochoka, kichwa juu ya mto. Amri ni ya kimungu kabisa. Lakini Marko hasimulii watu wawili ndani ya chombo kile, mmoja amelala na mwingine ameamka. Hili ndilo Kanisa lilifafanua katika Mtaguso wa Kalkedoni, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 451, kwamba Kristo ni Nafsi moja (yaani yule tunayemtaja tukiulizwa "ni nani?") yenye asili mbili (yaani kile alicho), umungu na ubinadamu, bila kuchanganyika, bila kubadilika, bila kugawanyika na bila kutenganishwa. Jifunze maneno hayo manne kwa moyo, kwa sababu kila swali utakaloulizwa linajibiwa nayo.

Swali litakalokuja mara nyingi kuliko mengine ni hili: je, Mungu alikufa? Mkristo mwenye haraka hujibu kwamba uliokufa ni mwili tu, au ni "Yesu mtu" tu. Jibu hilo linamgawa Kristo na kuiacha Injili tupu. Jifunze kutenga maswali mawili. Ni nani aliyekufa? Ni Mwana wa Mungu, yeye na si mwingine. Alikufa katika asili ipi? Katika asili ya kibinadamu aliyoitwaa kwa Bikira Maria, kwa maana umungu haufi wala hauumwi. Nafsi ndiye anayekufa. Asili ndiyo inayomwezesha kufa. Kwa njia hiyohiyo utajibu kuhusu sala zake, ambapo Mwana aliyefanyika mtu humwomba Baba kama mwanadamu amwombavyo Mungu, na kuhusu neno lake kwamba Baba ni mkuu kuliko yeye, alilolisema katika hali ya unyenyekevu aliyoitwaa kwa ajili yetu.

Jirani atakukumbusha pia kwamba Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Mwambie wazi kwamba kama kuzaa ni kwa mke na mwili, Wakristo wanalikana jambo hilo kama anavyolikana yeye, na hakuna Kanisa lililowahi kufundisha kwamba Mungu alimtwaa Maria awe mke wake. Tunaposema katika Kanuni ya Imani kwamba Mwana "alizaliwa kwa Baba tangu milele yote" na kwamba alizaliwa bila kuumbwa, tunasema kwamba Baba hakuwahi kuwapo bila Neno lake, na kwamba Neno hilo si kiumbe.

Kuhusu Utatu, acha mifano. Ule wa yai lenye ganda, ute na kiini unamfanya Mungu awe wa sehemu tatu. Ule wa maji, barafu na mvuke unamfanya awe mmoja anayebadilisha sura, kosa ambalo Kanisa lililikataa tangu karne ya tatu. Sema tu kwamba Mungu ni mmoja kwa umungu wake, na kwamba Baba, Mwana na Roho Mtakatifu si mmoja kwa Nafsi, kisha unyamaze. Msikilizaji akisema hajaelewa yote, mwambie nawe huyaelewi yote, na kwamba kumkiri Mungu hakudai kumzungushia mipaka ya akili zetu.

Wengine watasema kwamba umungu wa Yesu ulibuniwa na mfalme Konstantino katika Mtaguso wa Nikea mwaka 325. Jibu hapa ni la historia, wala halihitaji maneno mengi. Maaskofu walikutana Nikea kwa sababu padri Ario wa Aleksandria alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, na mafundisho hayo yaliwashtua watu waliokuwa tayari wakimwabudu Kristo. Zaidi ya miaka 200 kabla ya hapo, yapata mwaka 112, liwali Mrumi Plinius, ambaye hakuwa Mkristo, alimwandikia Kaisari Trajano kwamba Wakristo hukusanyika kabla ya mapambazuko kumwimbia Kristo kama Mungu. Na Paulo, akiwaandikia Wakorintho yapata mwaka 55, alitaja kifo na ufufuko wa Kristo kama mapokeo aliyoyapokea yeye mwenyewe, akaongeza kwamba wengi wa mashahidi wangali hai.

Ufufuko usiuache mwishoni kana kwamba ni nyongeza. Tomaso alipouona mkono wenye kovu la misumari ndipo aliposema, "Bwana wangu na Mungu wangu!" Naye alikuwa Myahudi aliyefundishwa tangu utoto kwamba Bwana Mungu ni mmoja. Hapo ndipo njia zenu wewe na jirani yako zinapoachana kweli, kwa kuwa yeye anafundishwa kwamba Isa hakusulubiwa. Usiifiche tofauti hiyo kwa ajili ya amani. Mweleze kwamba hata mwanahistoria Mrumi Tacitus, asiyewapenda Wakristo, aliandika kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato, kisha umwache alipime.

Baada ya mazungumzo ya kwanza, usimrundikie vitabu. Akikubali, mpe Injili ya Marko peke yake, aisome kuanzia sura ya kwanza hadi ya kumi na sita kama anavyosoma habari yoyote, na umwombe aandike pembeni kila mahali anapoona mwanadamu na kila mahali anapoona zaidi ya mwanadamu. Mkikutana tena, zungumzeni juu ya alama zake yeye, si zako. Akikuambia kwamba mwanawe anaumwa, kama majirani wanavyoambiana, mwombee hapo hapo ukiruhusiwa, kwa sauti anayoisikia, kwa jina la Yesu, wala usilipunguze jina hilo kwa kuona haya.