Namna ya kunukuu maneno ya mtu bila kuyapinda

Mwenyekiti wa soko amezungumza Kiganda, katibu ameandika kumbukumbu kwa Kiingereza, nawe unataka kupeleka habari kwa Kiswahili. Hapo hakuna aliyedanganya, lakini maneno yameshapita mikono mitatu. Kwa hiyo yaandike kwanza katika lugha iliyotamkwa, hata kama tahajia inakusumbua, pamoja na jina la msemaji, cheo, mahali, tarehe na swali aliloulizwa. Swali watu hulisahau. Aliyejibu "ndiyo, yawezekana" hakusema "soko litahamishwa". Hayo ni maneno ya muulizaji.

Ukirekodi kwa simu, iweke karibu na mdomo wa msemaji, si karibu na spika ya ukumbi. Mwangwi hula silabi, na silabi moja tu ndiyo inayotenga "tutalipa" na "hatutalipa". Andika dakika na sekunde, mfano 12:40, pembeni ya kila sentensi utakayoitumia, ili ukibishiwa usitafute rekodi nzima.

Kwenye tafsiri ndiko nukuu nyingi huharibika, na makosa yenyewe ni yaleyale. La kwanza ni hesabu: "emitwalo etaano" ni 50,000, kwa kuwa omutwalo mmoja ni 10,000. Anayesikia "etaano" peke yake huandika shilingi 5,000, na ugomvi unaanza. Saa za Kiganda na za Kiswahili zinakwenda pamoja, "ssaawa bbiri" ni saa mbili. Mtego uko kwenye kumbukumbu za Kiingereza, ambako 8:00 ya asubuhi hugeuzwa "saa nane" na watu wakafika mkutano umeshavunjika.

Nyakati nazo zina hila. Kiganda hutenga "yagenze", aliondoka karibuni, na "yagenda", aliondoka zamani kidogo. Kiswahili huweka yote mawili kwenye "aliondoka". Kama siku ndiyo kiini cha habari, itaje wewe mwenyewe nje ya alama za nukuu. Halafu kuna "sorry" ya Kiingereza chetu cha Uganda, ambayo mara nyingi ni "pole" tu. Ofisa akiwaambia hivyo waliofikwa na mafuriko, usiandike kwamba aliomba radhi. Kuomba radhi ni kukiri kosa, naye alikuwa akiwafariji.

Alama za nukuu ziwekee maneno yaliyotamkwa. Ukitafsiri, sema waziwazi: "alisema kwa Kiganda". Neno likiwa na utata, weka la asili kando ya tafsiri. Usichanganye usemi halisi na wa taarifa: *alisema kwamba "nitalipa kesho"* haijulikani ni wewe utakayelipa au yeye. Chagua moja: alisema, "Nitalipa kesho", au alisema kwamba angelipa siku iliyofuata.

Ukifupisha, weka nukta tatu mahali ulipokata. Ukiongeza neno la kufafanua, litie kwenye mabano ya mraba. Lakini kuna maneno yasiyokatwa hata kwa nukta tatu: kama, huenda, baadhi, nadhani, bado. "Bajeti ikipita, barabara itatengenezwa mwaka huu" ukiiondolea maneno mawili ya mwanzo inakuwa ahadi ambayo mheshimiwa hakuitoa. Kila neno limetamkwa kweli, na bado nukuu ni ya uongo.

Kwa maneno ya wabunge, tafuta Hansard, yaani kumbukumbu rasmi ya Bunge la Uganda, badala ya picha zinazosambazwa. Kumbukumbu hiyo ni ya Kiingereza, basi Kiswahili chako ni tafsiri na uiite hivyo. Picha ya kiongozi yenye maneno mazito chini yake, bila tarehe wala mahali, iache.

Kabla ya kutuma, msomee msemaji sentensi yake. Akisahihisha tarakimu au jina, sahihisha. Akitaka kufuta alichokisema mbele ya watu, hilo ni ombi, si sahihisho.

Ukigundua umekosea kwenye WhatsApp, una dakika 15 za kuhariri ujumbe. Zikipita, jibu juu ya ujumbe uleule: taja neno ulilokosea, kisha neno sahihi. Kufuta kimyakimya hakusaidii, kwa sababu nakala zilizokwisha kusambazwa kwenye makundi mengine hazibadiliki. Kila kundi ulilolipelekea wewe, lipelekee na sahihisho.